Fomu Zilizojazwa Kabla Wachumba Hawajafika

Wengine wanastaafu na mvi, na wenzao wanawachangia saa ya ukutani. Mimi nimestaafu nina miaka thelathini na mbili, mtoto mmoja darasa la tatu, mwingine chekechea, na hasira ambayo bado sijapata pa kuiweka. Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye meza ya ofisi ya parokia, hiyo ambayo sasa ni yako, Wankuru. Mshahara wake umeshaujua, tusiupotezee wino. Ninakuandikia wewe, na makarani wa parokia nyingine kama watataka kusoma, kwa sababu mimi nilifundishwa kwa mdomo tu, na kuna jambo moja nililofundishwa vibaya nikalifanya kwa ustadi mkubwa.

Nilianza kazi Jumatatu ya mvua, viatu mkononi. Kwenye meza alikuwa Mama Rhobi, mjane wa katekista, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, akanisukumia gazeti la zamani na kalamu.

"Kidato cha nne umepata nini?"

"Divisheni ya tatu, mama."

"Sikukuuliza ili unisikitishe. Andika jina la babu yako hapo pembeni."

Nikaandika. Akalisogeza gazeti mbali na macho, akalisogeza karibu.

"Herufi zako zimelala. Daftari la ubatizo litakaa hapa wewe na mimi tukiwa udongo. Halitaki mwandiko uliolala."

Mwezi mzima niliandika majina pembeni mwa magazeti. Chacha, Marwa, Mwita, Nyangi, Bhoke, mpaka vidole vikawa vinaandika vyenyewe. Kila jioni Mama Rhobi alipitia kurasa zangu na kuzungushia duara jina moja tu, lililonyooka kuliko mengine. Siku aliyozungushia majina matatu alininunulia maandazi. Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku ile na hakuna aliyenisifu nikaamini kama nilivyoamini yale maduara.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya nta ya mishumaa na mahindi. Wakati wa mavuno akina mama walileta matoleo yao na kuyaacha barazani, na kuku wa jirani walijua ratiba kuliko sisi. Kabati la madaftari lilifunguka kwa kupigwa teke kona ya chini kushoto, si kwa ufunguo; ufunguo ulikuwa wa heshima. Kompyuta ilikuja mwaka wangu wa nne. Printa ilipokataa kufanya kazi tulimwita fundi kutoka Sirari, akaifungua, akapuliza, akasema, "Hii mashine haina noma, dadangu. Ni vumbi yenu tu, hii ya Tarime ni kali." Akapokea nauli yake akaondoka, na printa ikaendelea kukataa. Naikumbuka ofisi ile kama mtu anavyokumbuka nyumba aliyokulia. Asubuhi, kabla watu hawajaja, nilifungua dirisha la upande wa migomba, nikafuta meza kwa kitambaa chenye maji, na kwa dakika kumi dunia nzima ilikuwa safi.

Sasa kazi. Ubatizo, kipaimara, vyeti vilivyopotea, hayo utayajifunza kwa kuyafanya. Kigumu ni meza ya ndoa, na kigumu zaidi ni watu wanaokuja kutaka ndoa iondoke.

Elewa hili kwanza, kwa sababu utalieleza mpaka uchoke. Mtu anayefunga ndoa kanisani kwetu anafunga mara moja lakini anaandikwa mara mbili: kwenye daftari la Kanisa, na kwenye cheti cha Serikali ambacho Padre anakijaza kwa kibali cha Serikali. Kwa hiyo akitaka kutoka, kuna milango miwili, na hakuna ufunguo mmoja wa yote miwili. Upande wa Serikali anaanzia baraza la usuluhishi la kata. Wakishindwa kuwapatanisha wanampa hati ya kusema wameshindwa, anaipeleka mahakamani na kuomba talaka. Upande wa Kanisa hakuna talaka. Kuna mahakama ya Jimbo, mapadre waliosomea sheria, nao hawavunji ndoa ya mtu. Wanachunguza kama ilikuwepo. Wakiona siku ile kulikuwa na kasoro, mmoja alilazimishwa au alificha jambo kubwa, wanatangaza kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa nawaeleza watu hivi: faili la Serikali linaanzia siku ya harusi na kwenda mbele. Alikupiga lini, alikutelekeza lini, nani anawalisha watoto. Faili la Kanisa linaanzia siku ya harusi na kurudi nyuma. Mlijuanaje, nani aliamua, ulikuwa na nini moyoni uliposema ninakubali. Mtu akija na makovu yake unayaheshimu, unampa kiti na maji, halafu unamwambia ukweli kwamba mapadre wa Jimbo watamuuliza mambo ya kabla ya makovu.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mwanamume wa Kisaka, suti ya bluu, karatasi ya mahakama mkononi, mchumba mpya akimsubiri nje juu ya pikipiki.

"Dada, mimi nimeshaachana kisheria. Mhuri huu hapa. Nitangazie ndoa mpya Jumapili hii."

Nikamweleza milango miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtu mzima mwenye adabu, kisha akauliza, "Kwani Mungu hatambui mhuri wa Serikali?"

Mama Rhobi alikuwa anapanga stakabadhi, hakuinua kichwa. "Anautambua, baba. Ila hajapelekewa nakala."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa. Kesi yake ilichukua muda mrefu, na mchumba wa pikipiki hakusubiri. Aliyefuata alisubiri.

Kuna mama mwingine aliyeacha shauri lake njiani mara mbili kwa sababu shemeji zake walimwambia ndoa ikitangazwa batili watoto wake watakuwa wa haramu. Nikaandika barua Jimboni kuuliza. Jibu likaja, fupi: watoto ni halali na watabaki halali. Nilitoa nakala nikaibandika ukutani kwa gundi ya ugali. Ikichanika, chapa nyingine. Usingoje mtu akuulize, wengi wanaona aibu kuuliza.

Nimefika sasa kwenye lile jambo nililofundishwa vibaya.

Kabla ya kutangazwa, kila mchumba anatakiwa ahojiwe na Padre peke yake, mwenzake akiwa nje, na majibu yaandikwe kwenye fomu. Moja ya maswali ni kama anaingia kwenye ndoa kwa hiari yake bila kulazimishwa na mtu yeyote. Paroko wetu alikuwa na vigango vingi na pikipiki moja. Msimu wa harusi ukifika, wachumba walijaa barazani tangu asubuhi, na yeye yuko kilimani anazika mtu. Hivyo yeye alisaini fomu tupu rundo zima, na Mama Rhobi akajaza majina na majibu siku ya Ijumaa, akiwa na chai yake. Wachumba walipofika Jumamosi kilichobaki ni sahihi zao.

"Lakini mama, akisema hapana?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nani? Msichana atoke kwao na shangazi zake, amesukwa nywele, ng'ombe wameshalala kwenye zizi la baba yake, afike hapa aniambie mimi hapana? Jaza, mwanangu. Kuna foleni."

Nikajaza. Ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na kasi kuliko yeye. Watu walinisifu, walisema ofisi ya Ghati, yaani mimi, haina usumbufu, unaingia na kutoka. Mama Rhobi alipostaafu aliniachia kalamu zake, rula yake ya chuma, na utaratibu huo.

Kabla hajastaafu, mwaka wangu wa pili kazini, baba aliniita nyumbani Itiryo. Kaka yangu Mwita alikuwa anataka kuoa, na kwetu mnajua kaka anaoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada. Marwa, aliyekuja kunichumbia, alikuwa mtu wa Kisaka, mchimbaji wa kule Nyakunguru, nilikuwa nimemwona mara mbili. Nilimwambia baba sitaki. Hakugombana. Aliingia jikoni, akatoa vyungu vya mama na kigoda chake, akaviweka nje kwenye majani, akasema, "Ukikataa, wewe na mama yako mtakaa hapo vilipo hivyo." Dada zake wakaja kulala nami chumba kimoja siku nne. Nililia mpaka sauti ikakauka. Siku ya tano nikarudi kazini, shangazi mmoja akinisindikiza mpaka mlangoni kama mfungwa, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, nikakaa kujaza fomu.

Yangu ilikuwa ya tisa kwenye rundo. Nilifika kwenye lile swali nikaandika Ndiyo, herufi zimesimama wima, nikachukua ya kumi.

Ya ndoani sitayaandika mengi, si kitu cha kuweka kwenye kumbukumbu za kazi, isipokuwa pale yalipogusa kazi. Mwaka mmoja Marwa alinivunja kidole cha kati cha mkono wa kulia. Daftari la kipaimara la mwaka ule ukilifungua utaona mwandiko umekuwa kama wa mtoto. Ni mimi, na kijiti kimefungwa kwenye kidole. Askofu alisaini chini yake bila kuuliza.

Nilipoondoka na watoto nilianza na mlango wa Serikali. Baraza la kata lilitukalisha mara tatu. Wazee wanne, na mama mmoja aliyesinzia. Waliniambia nivumilie, kwa sauti ya watu wanaokukaribisha chakula. Nikawauliza mimi ndiye niliyevunja kidole cha nani. Mwenyekiti akasema, "Huyu binti ana mdomo," wakaandika hati. Mahakamani hakimu alikuwa mwanamke mwenye kikohozi, aliuliza yote yaliyotokea, siku baada ya siku, akaandika kwa mkono wake. Talaka ikatoka, watoto wakabaki kwangu. Nilitoka pale nikanunua soda nikainywa nimesimama.

Mlango wa pili ndio ulikuwa mlango wangu wa kazi. Watu wengi waliniuliza, una mchumba? Sikuwa naye, na sina. Kwenye daftari la Kanisa, daftari ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalifuta vumbi kila asubuhi, nilikuwa bado mke wa Marwa mpaka mmoja wetu afe, na imeandikwa kwamba nilitaka. Nilikuwa nataka iandikwe kwamba sikutaka. Ni hilo tu. Nikachapa ombi langu mchana, saa ya chakula, nikaambatanisha cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa na hukumu ya talaka, nikalituma Jimboni kama nilivyotuma ya wengine.

Mahakama ya Jimbo ikajibu kwa barua kwa ofisi: leteni nakala ya fomu ya mahojiano ya wachumba. Aliyefungua barua ni mimi. Aliyepiga kabati teke ni mimi. Aliyetoa nakala na kuigonga mhuri kwamba ni sahihi kama ya asili ni mimi.

Padre aliyenihoji kule Jimboni alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Aliiweka fomu katikati yetu.

"Ghati, huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu, Padre."

"Si wa Paroko?"

"Sahihi ndiyo yake. Majibu ni yangu."

Akaisogeza fomu upande wangu. "Sasa nisaidie. Unaniambia ulilazimishwa, na hapa kwa mkono wako mwenyewe, ukiwa ofisini kwako, mlango uko wazi, umeandika kwamba hukulazimishwa. Hilo nani alikulazimisha kuliandika?"

Nikaomba niitwe siku nyingine. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa kwamba ile Ndiyo haikuwa jibu la mtu yeyote, ilikuwa Ijumaa. Lakini kulisema hivyo ni kuzifichua fomu za watu wote.

Nilirudi nikamwambia Paroko. Alikuwa anakula, akasukuma sahani.

"Sema ya kwako tu," akasema.

"Wataniuliza kama ilikuwa desturi."

"Ukisema ni desturi, kila aliyegombana na mke wake kuanzia hapa mpaka Serengeti atakuja kudai fomu yake. Na sahihi ni zangu, Ghati."

"Najua, Padre. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea uzisaini."

Sikumchukia. Alikuwa ameshazeeka kwenye ile pikipiki. Lakini hakuniambia niseme ukweli, na nilikuwa nimesubiri aniambie.

Nikaenda kwa Mama Rhobi, anakaa kwa binti yake siku hizi, miguu imevimba. Nilimweleza yote. Aliuliza kama bado natumia rula ya chuma. Kisha akasema, "Nitaje. Watanifanya nini, wanifukuze kazi nisiyo nayo?" Akanishika mkono, akakitafuta kile kidole kilichopona vibaya, akakikandakanda kama unga. "Nilikuona siku ile unaijaza ya kwako," akasema. "Nilidhani umeridhika, kwa vile mwandiko haukutetemeka." Mimi nilimpenda yule mama na bado nampenda, na siku ile nilitaka kumzaba kofi.

Nikarudi Jimboni nikasema yote, tangu Ijumaa ya kwanza. Padre wa mikono mikubwa aliuliza, mwandishi wake akapiga kwenye kompyuta, nikasaini kila ukurasa. Mwishoni akaniambia, "Hii inaiondolea fomu nguvu. Lakini haithibitishi kwamba ulilazimishwa. Maneno yako peke yako hayatoshi. Lete watu waliokuwepo."

Waliokuwepo. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe una chumba chako cha kupanga. Mimi nalala kwake." Mwita nilimfuata shambani. Alisimama na jembe lake, ananisikiliza huku anatazama udongo.

"Kwa hiyo wakisema hakukuwa na ndoa," akauliza, "wale ng'ombe walikuja kufanya nini?"

"Kanisa haliangalii ng'ombe, Mwita."

"Sisi tunaangalia. Bhoke niliyemwoa kwa ng'ombe hao, nimpeleke wapi? Nimwambie na wewe hukuolewa, ulikuja kwa bahati mbaya?"

Hakuja. Shangazi zangu nao, nisipoteze karatasi.

Hapo shauri likasimama. Kisha nikapata taarifa kwamba Marwa, ambaye hakuwa amejibu barua hata moja, amejibu. Anapinga. Ndoa yake ilikuwa halali, na shahidi wake ni mmoja: baba yangu.

Baba alipita ofisini asubuhi ya kwenda kuhojiwa. Alivaa koti lake la misa na kofia, akakataa kukaa.

"Ninakwenda kuwaambia ndoa yako ilikuwa imara," akasema.

"Nenda salama, tata."

"Huna hasira?"

"Ninayo. Nenda, gari litakuacha."

Alisimama kidogo mlangoni. Nadhani alikuwa amejiandaa kugombana na akakosa wa kugombana naye. Nikaendelea kuandika cheti cha mtoto wa watu. Nilijua nimeshindwa. Nilianza hata kujifunza namna ya kukaa na jambo hilo, kama unavyojifunza kukaa na jino bovu.

Utaratibu ni kwamba ushahidi ukikamilika, wahusika wanaitwa kusoma jalada. Unasomea palepale, chumbani, mwandishi wa mahakama yupo, huruhusiwi kutoka nalo. Nikapanda gari nikaenda. Kurasa za baba zilikuwa tatu. Mwandishi yule anachapa vizuri, nafasi zake zimelingana, niliona hilo kwanza. Kisha nikafika kwenye swali: je, binti yako alikubali ndoa hii kwa hiari yake? Na chini yake maneno ya baba, kama alivyoyasema:

"Hiari ya mtoto ndiyo nini? Padre, hii ndoa haikuwa ya mchezo kama hizi za siku hizi. Alikataa, nikatoa vyombo vya mama yake nje. Nikaweka dada zangu wawili chumbani siku nne asitoroke. Alilia mpaka sauti ikaisha na sikumsikiliza. Kazini nilimpeleka na mlinzi. Ng'ombe walishafika na hawakurudi hata mmoja. Sasa ndoa iliyofungwa kwa nguvu namna hiyo, niambie wewe, inakuwaje si ndoa?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mwandishi akaacha kuchapa. Kisha nikamwomba maji, na akanipa, na akageukia dirishani kama mtu mwenye malezi.

Kwenye mahakama ile kuna padre ambaye kazi yake ni kuitetea ndoa, kutafuta kila sababu ya kuonyesha kwamba ilikuwepo. Kwa mashauri mengine niliyopitisha mikononi mwangu huwa anaandika kurasa nyingi. Kwa langu aliandika nusu ukurasa. Alisema ameyasoma maelezo ya shahidi wa upande wa mume, na hana la kuongeza.

Hukumu ilipokuwa bado inasubiriwa ndipo nilipoandika barua ya kuacha kazi. Hakuna aliyenifukuza. Maneno yalikuwa yameshatoka Jimboni yakafika sokoni, kama maneno yanavyofika. Siku moja akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, namfahamu, nilimwandikia cheti cha ndoa miaka sita nyuma. Hakutaka kukaa.

"Dada Ghati, na yangu uliijaza wewe?"

"Ndiyo."

"Kabla sijafika?"

"Kabla hujafika."

Akamkaza mtoto mgongoni. Nilikuwa nasubiri anitukane, ningepumua. Alisema tu, "Mimi ningekwambia," akageuka, akashuka ngazi. Sijui angeniambia nini. Nimejiuliza mara nyingi na sina haki ya kwenda kumuuliza. Barua yangu kwa Paroko niliiandika mchana ule, na sharti moja ndani yake, kwamba ajaye baada yangu asipewe fomu yenye sahihi tayari. Paroko amelikubali. Akisahau, Wankuru, mkumbushe, na akikasirika mwache akasirike. Mchumba aingie peke yake. Muulize, nyamaza. Foleni itakuwa ndefu na watasema ofisi imeharibika tangu Ghati aondoke. Waache waseme.

Hukumu ilitoka: ndoa batili tangu mwanzo, kwa kulazimishwa na kwa hofu. Nilipewa nakala yangu, nikaenda nayo Itiryo.

Baba alikuwa anasokota kamba ya ndama. Alikuwa ameshasikia kwamba Marwa ameshindwa, lakini hakuwa anaelewa ameshindwaje, maana yeye mwenyewe alikwenda na aliongea vizuri. Akaniambia, "Soma." Hajui kusoma, baba yangu. Ningeweza kumsomea mstari wa mwisho tu na kumwambia ni hivyo.

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye maneno yake aliacha kamba, akatikisa kichwa kukubali, neno kwa neno.

"Hapo wamekosea," akasema. "Dada zangu walikuwa watatu. Yule mdogo nilimweka dirishani."

"Sawa, tata." Nikaendelea. Mapadre wa mahakama waliandika kwamba kwa maelezo ya baba mzazi mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea binti, wameridhika kwamba binti hakuwa na uhuru wa kukubali wala kukataa.

Ndama alikuja akalamba ile kamba.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, tata."

"Rudia hapo pa wewe kulia."

Nikarudia. Akataka tena, nikasoma tena. Mara ya tatu hakutikisa kichwa. Akanyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Tata, hiyo ni nakala yangu. Inatakiwa ofisini."

"Nitaipeleka mwenyewe nikimaliza nayo."

"Ukimaliza nini, na husomi?"

"Nikimaliza," akasema, akaokota kamba yake.

Ni miezi sasa. Nakala ya ofisi imeshakuja kutoka Jimboni kwa njia yake, umeshaiandika daftarini, nimeona mwandiko wako na umesimama vizuri. Lakini siku atakapokuja mzee wa Itiryo mwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa, mpe kiti. Ipokee kwa mikono miwili. Usimwambie kwamba tayari mnayo nyingine.